Gitaa la kuunga limekataa kuimba: tafuta ugonjwa kwenye maungio

Umekaza skrubu ya mwisho, umevalisha nyuzi mpya, umechomeka waya kwenye amplifaya, kisha kilichotoka hakifanani na muziki. Ama uzi wa kwanza unateleza nje ya shingo, ama freti ya tano (kichuma chembamba kilicholala kukatiza shingo) inalia kama bati lililong'oka msumari, ama kuna mvumo unaoendelea hata mikono yako ikiwa mfukoni. Gitaa la kwanza nililounga mwenyewe lilikuwa na yote matatu kwa mpigo, kwa hiyo pole, na karibu.

Gitaa la dukani, shingo na mwili wake vimepita mikononi mwa kiwanda kimoja. Lako, shingo umeagiza mtandaoni, daraja, lile la kushikilia nyuzi mwilini, umelipata kwa muuzaji mwingine, mwili umechongewa na seremala wa Keko kutoka kwenye ubao wa mninga, potenshiometa za kuzungushia volyumu umezifuata Kariakoo. Kila kipande kikiwa peke yake mezani kinaweza kuwa kizima kabisa. Ugonjwa hukaa pale viwili vinapokutana, kwa sababu waliovitengeneza hawakuwahi kupeana vipimo. Ndiyo maana kwenye kila dalili ninaanza na swali moja: hapa kimekutana nini na nini?

Fuata mpangilio pia. Mbao kwanza, vyuma vifuate, umeme mwisho. Nilipoteza wiki mbili nikichonga nati ya shingo kwa tupa, nikiwinda mkwaruzo ambao chanzo chake kilikuwa skrubu nne za mgongoni. Nati ile niliishia kuitupa.

Ninachoeleza kinahusu magitaa yenye shingo ya skrubu, ukoo wa Telecaster na Stratocaster. Mwenye ukoo huo, Leo Fender, alitokea kwenye ufundi redio huko California na hakuwa mpiga gitaa. Shingo akaifunga kwa skrubu badala ya gundi, ili ikiharibika ifunguliwe na kubadilishwa. Stratocaster ilitoka mwaka 1954, na mpaka leo wauza vipande wengi hudai wanafuata vipimo vyake. Ukishika rula utakuta milimita moja imepungua huku, nusu imezidi kule. Mpiga gitaa Eric Clapton aliunga gitaa lake maarufu, Blackie, kutokana na Stratocaster tatu, na mwaka 2004 likauzwa mnadani kwa dola 959,500. Yeye alikuwa na wepesi mmoja ambao wewe huna: vipande vyake vyote vilikuwa vya ukoo mmoja.

Tuelewane majina. Kile kipande cha mfupa au plastiki chenye mifereji sita mwanzo wa shingo nakiita nati. Vile vyuma sita vidogo darajani ambavyo nyuzi hukalia naviita vikalio. Shimo la mwilini ambamo shingo inaingia ni kiota. Na pikapu humu si gari la kubebea mchanga, ni sumaku yenye koili inayonasa mtikisiko wa nyuzi.

Shingo haijakaa, ingawa imekazwa

Dalili zake ni za kinyonga. Siku moja nyuzi ziko juu mno, siku nyingine gitaa halikai kwenye tyuni, na muda wote sauti inakata mapema. Watu hukimbilia daraja. Wewe chukua karatasi ya daftari ujaribu kuipenyeza kati ya kitako cha shingo na sakafu ya kiota. Ikiingia, umeupata.

Langu liliimeza karatasi mpaka katikati, wakati skrubu nilikuwa nimezikaza hadi kiganja kikachubuka. Kilichotokea ni hiki: matundu ya kwenye mwili yalikuwa membamba, kwa hiyo meno ya skrubu yalishika mwili na shingo kwa pamoja. Skrubu ikishika mbao zote mbili haiwezi kuzivuta zikutane. Inazifunga zikiwa na ule mwanya uliokuwepo ilipoanza kung'ata. Kaza utakavyo, mwanya unabaki.

Dawa: tundu la mwilini lipanuliwe mpaka skrubu idondoke yenyewe kwa uzito wake, kwa skrubu za kawaida za shingo, keekee ya milimita 4.5 inatosha. Tundu la shingoni ndilo libaki jembamba, kama milimita 3, ili meno yapate pa kung'ata. Shingo nyingi ni za mti wa maple, mgumu, na skrubu inaweza kukatikia humo. Isugue kwenye mshumaa kwanza. Wazee wa useremala hutumia sabuni ya mche, lakini sabuni hunyonya unyevu, na kwetu huku pwani skrubu itakushikia kutu.

Kagua pia rangi. Ukipaka mwili halafu rangi ikajaa ndani ya kiota, kiota kimepungua upana na kina, na tone moja lililoganda kwenye kona linatosha kuipindisha shingo. Kwangu msasa haukutosha. Kona ile niliitoa kwa patasi.

Uzi mmoja unaning'inia ukingoni

Uzi wa kwanza uko pembeni kabisa, ukiuvuta kidogo unadondoka nje ya freti, na upande wa uzi wa sita kuna nafasi kubwa ya bure. Hapa zimekutana shingo na daraja, na mstari wao wa katikati haufanani.

Kama kiota ni kipana kuliko kitako, tatizo dogo. Acha nyuzi zikiwa zimekazwa, legeza skrubu za shingo robo mzunguko, shika kichwa cha gitaa kwa mkono mmoja na mwili kwa mwingine, uisukume shingo kuelekea upande unaotaka. Utasikia kamlio ka mbao. Kaza. Nusu milimita kwenye kiota inakuwa mwendo mkubwa ukifika darajani.

Kama kiota kimebana na bado nyuzi ziko upande, daraja lilifungwa vibaya. Hakuna ujanja: ng'oa, ziba matundu kwa vijiti vya mbao na gundi, subiri zikauke, toboa upya. Safari hii usipime kwa kutumia kingo za mwili. Vuta nyuzi mbili za kushonea kutoka mfereji wa kwanza na wa sita wa nati hadi vikalio vyake, sogeza daraja mpaka nafasi za pembeni zilingane, ndipo uweke alama.

Wazi iko sawa, freti ya 12 haiko sawa

Uzi ukiwa wazi, yaani haujabanwa, tyuna inasoma noti ya E safi. Ukibana freti ya 12 unasoma E iliyopanda au iliyoshuka. Iliyopanda maana yake uzi ni mfupi: rudisha kikalio nyuma, mbali na shingo. Iliyoshuka, kilete mbele. Fanya hivyo ukiwa na nyuzi mpya, maana nyuzi zilizochoka hudanganya.

Balaa ni pale kikalio kinapofika mwisho wa skrubu yake na bado hakijatosha. Pima kwa rula ya chuma kutoka nati hadi freti ya 12. Shingo ya ukoo wa Fender itakupa milimita 324, kwa kuwa urefu wake wote ni 648. Ukipata 314 hivi, shingo yako inafuata vipimo vya Gibson, kampuni nyingine ya magitaa, na mwili uliotobolewa kwa ajili ya 648 hautaelewana nayo isipokuwa shingo hiyo ilichongwa mahsusi kwa kazi hiyo. Kanuni isiyobadilika: umbali kutoka nati hadi freti ya 12 lazima ulingane na umbali kutoka freti ya 12 hadi kikalio cha uzi wa kwanza. Vikalio vya nyuzi nene vitakaa nyuma zaidi kwa milimita chache. Idadi ya freti haihusiki. Shingo ya freti 22 na ya freti 21 zinaweza kuwa na urefu ule ule wa nyuzi. Freti ya ziada inakaa kwenye ulimi uliotokeza.

Vikalio viko chini kabisa, nyuzi bado ziko juu

Hapa mhusika ni pembe ya shingo. Weka kabari kiotani: kipande cha vinia cha nusu milimita, kwenye ule mwisho ulio karibu na daraja. Kitako kikiinuka kidogo, kichwa cha gitaa kinarudi nyuma, na nyuzi zinashuka. Kama hali ni kinyume, yaani vikalio vimeinuliwa mpaka mwisho na nyuzi bado zinalala kwenye freti, kabari ikae mwisho wa mbele. Wapo wanaosema kabari inaua sauti. Mimi sijaisikia ikifa, mradi ni mbao na imekatwa kwa upana wa kiota.

Walionunua daraja la aina ya Gibson, lile linalosimama juu ya nguzo mbili, na kulifunga kwenye mwili wa kiota cha bapa hukutana na tatizo hili karibu wote. Daraja lile ni refu na lilibuniwa kwa shingo iliyolala kwa nyuma. Kabari moja nyembamba haitoshi hapo. Chonga kiota kiwe na mteremko, au rudi kwenye daraja la bapa.

Mkwaruzo: uliza unalia wapi

Usishike chuma cha ndani ya shingo, kile cha kurekebisha mpindo wake, kabla hujajua mahali. Piga kila freti ya kila uzi, polepole, uandike.

Ukilia uzi ukiwa wazi tu, ni nati. Mfereji umechongwa ukapita kiasi. Bana freti ya tatu uangalie juu ya freti ya kwanza: unywele wa nafasi unatakiwa ubaki. Usipobaki, jaza mfereji kwa unga wa mfupa na supagluu, uchonge upya. Ukiona nafasi kubwa, kosa ni la upande wa pili, na utalijua kwa kuwa kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) za freti za mwanzo zinasikika zimepanda wakati nyuzi wazi zimetulia.

Ukilia freti za mwanzo hadi ya tano au ya saba, shingo imenyooka mno au imepinda kwa nyuma. Bana uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na kwenye freti ambayo shingo inakutana na mwili, halafu pima nafasi kati ya uzi na freti ya nane. Fila ya mafundi magari, ile ya kuwekea valvu, ndiyo kipimo chenyewe: bati la milimita 0.25 lipite kwa kugusa. Chuma kilegezwe au kikazwe robo mzunguko, si zaidi, halafu nenda kapike chai, urudi upime tena. Kulegeza kunaiacha shingo ivutwe na nyuzi ipinde mbele, kukaza kunainyoosha. Kikigoma, usikilazimishe kwa ufunguo mrefu. Legeza nyuzi kwanza.

Ukilia sehemu moja tu, kuna freti iliyoinuka kuliko jirani zake. Chukua kadi yako ya benki, isimamishe kwa ukingo unaofika freti tatu zinazofuatana. Ikicheza kama meza yenye mguu mfupi, ya katikati imeinuka. Mara nyingi haijazama vizuri kwenye mfereji wake: weka kipande cha mbao juu yake, igonge kwa nyundo ndogo, pima tena kabla hujafikiria tupa. Shingo za bei nafuu ninazozipata huja na freti mbili au tatu za namna hii, na sioni sababu ya kukasirika. Kwa bei ile mtu hakulipwa kuzikagua.

Halikai kwenye tyuni

Mashine za kukazia hulaumiwa bure. Jaribu hivi: tyuni uzi wa tatu, uvute kwa nguvu kama unapiga solo, uachie. Umeshuka? Sasa bonyeza uzi huo kwa kidole nyuma ya nati, upande wa mashine, kisha uachie. Ukibadilika, nati inaushika. Ushahidi mwingine ni ule mlio wa "tik" unapokaza, kisha noti inaruka badala ya kupanda taratibu. Kama gitaa lina mkono wa kutikisia, ukiusukuma chini na kuuachia uzi unaoshikwa na nati hurudi umepanda.

Panua mfereji kidogo kulingana na unene wa nyuzi unazotumia, halafu paka unga wa penseli. Nati nyingi zilizochongwa tayari huwa na mifereji ya nyuzi nyembamba, nawe umevalisha nene. Nyuzi mpya nazo huhitaji kuvutwa kwa mkono mara kadhaa kabla hazijatulia. Mashine zenyewe zikiyumba kwa mkono, tundu la kichwani ni pana kuliko shina lake: mashine za kizamani huingia tundu la milimita 8.8 hivi, za kisasa za kukazwa kwa nati ya chuma ya juu (si ile ya shingo) huhitaji 10.

Umeme

Onyo kabla ya chochote. Nyuzi za gitaa zimeunganishwa, kupitia ngao ya waya, na bodi ya chuma ya amplifaya. Kama soketi haina athi (waya wa usalama unaokwenda ardhini), au plagi ni ya pini mbili iliyochokonolewa ikaingia kwa kifuniko cha kalamu, hitilafu ndani ya amplifaya inaweza kuzitia nyuzi umeme, na mdomo wako ukigusa maiki iliyounganishwa kwingine, wewe ndiye waya. Weka mita kwenye volti za AC, ncha moja kwenye uzi, nyingine kwenye wavu wa maiki. Ukisoma zaidi ya volti chache, zima, muite fundi umeme wa soketi. Gitaa halina kosa hapo, na kukata waya wa athi unaokwenda darajani si tiba.

Kimya kabisa. Weka mita kwenye omu, chomeka waya kwenye jeki, pima kati ya ncha na shina la plagi ya upande wa pili, volyumu ikiwa juu. Pikapu ya koili moja husoma kati ya kilo-omu 5 na 7 kwa kawaida, ya koili mbili 7 hadi 9 au zaidi. Ukisoma sifuri, waya wa sauti umegusa athi mahali. Kuna kimya cha aina yake: gitaa linapiga likiwa wazi, ukifunga kava linanyamaza. Ulizungushia shimo foili, na mguu wa swichi au wa jeki unaigusa kava likikaa. Bandika selotepu hapo. Ilinichukua jioni nzima kulielewa hili, nikifungua na kufunga skrubu kumi na moja.

Mvumo. Gusa nyuzi usikilize. Ukipungua, mfumo wa athi unafanya kazi na kilichobaki ni ngao: foili shimoni, vipande vyote vikigusana na kuunganishwa na athi. Usipobadilika, waya wa kwenda darajani haupo au umekalia rangi badala ya chuma. Ukizidi, umegeuza waya kwenye jeki, na dawa yake ni dakika tano za lehemu. Pikapu za koili moja hazitakuwa kimya kabisa hata ufanyeje; mvumo wa umeme wetu wa hezi 50 uko karibu sana na noti ya G ya chini, kwa hiyo ukipiga wimbo wa G angalau unavuma pamoja nao.

Swichi ikiwa katikati, sauti inakuwa nyembamba kama ya redio ya simu. Pikapu mbili zimekutana zikiwa zimepishana: moja inasukuma, nyingine inavuta. Geuza waya mbili za pikapu moja. Lakini kama pikapu hiyo ina kava la chuma lililounganishwa na waya wake wa athi, kwanza litenganishe na waya huo na ulipatie waya wake, la sivyo kava lote linakuwa antena.

Volyumu inafanya kazi kama swichi: sauti yote inapotea mwishoni mwa mzunguko. Soma maandishi mgongoni mwa potenshiometa. Zenye A hushusha sauti jinsi sikio linavyopenda, zenye B hushusha kwa hesabu ya moja kwa moja. 250K ni ya koili moja, 500K ya koili mbili. Ukizibadilisha sauti huwa kali au butu kuliko ulivyotarajia, na wala hakuna kilichoharibika.

Nyuzi nene ukizipiga juu ya freti ya 12 zinatoa noti mbili zinazogombana? Wengi huzungusha vikalio mpaka wachoke. Sumaku za pikapu ziko karibu mno na zinauvuta uzi. Shusha pikapu mpaka kuwe na milimita 2.5 au zaidi, nyuzi zikiwa zimebanwa freti ya mwisho. Na vichwa vya sumaku visipokaa sawasawa chini ya nyuzi, usifungue tena daraja. Mpiga gitaa Eddie Van Halen alipoiweka pikapu ya Gibson kwenye mwili wa umbo la Stratocaster, nafasi hazikulingana, akaifunga kwa mshazari. Akabakiza kitufe kimoja cha volyumu.

Lilikuwa zuri, masika yameingia, limeanza tena

Hapa zimekutana mbao na hewa. Shingo iliyokauka ughaibuni ikifika Dar hunywa unyevu na kujipinda kidogo; ukilihamishia gitaa Dodoma, mbao husinyaa na ncha za freti hutokeza pembeni zikukwangue kiganja. Ncha zipitishe tupa laini. Kwa shingo, rudi kwenye kipimo cha freti ya nane. Langu hugeuzwa robo kila masika na kurudishwa robo kiangazi kikikolea, na ufunguo wa aleni unalala kwenye begi lake, mfuko mmoja na penseli.